Nyasi Isiyoliwa, na Neno "Malisho Tele"

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama huko Karatu)



Mengi yamekwisha kusemwa katika mikutano yetu juu ya mishahara, nyumba na uhamisho, nayo yote yana haki ya kusemwa. Leo twaomba ruhusa kusema juu ya nyasi.

Msicheke, Mabwana. Sisi tuketio Karatu twaishi chini ya mlima ambao uhai wa watu wake na wanyama wake umesimama juu ya nyasi. Tena katika kazi yetu ya ukarani, taarifa nyingi zina safu ndogo iitwayo "hali ya malisho", na katika safu hiyo mara nyingi huandikwa neno moja au mawili tu: nzuri, mbaya, tele, haba. Neno hilo likiisha kupigwa mhuri husafiri mbali kuliko sisi wenyewe. Huenda wilayani, huenda mkoani, huingia katika jumla ya hesabu, na mwisho hurudi kwa mfugaji katika sura ya amri, au katika sura ya msaada, au katika sura ya kunyimwa msaada.

Nia yetu leo ni kuonyesha ya kuwa katika nyanda za juu za Ngorongoro yaota nyasi moja ambayo yaweza kulifanya neno "malisho tele" kuwa kweli machoni pa mtu na uongo kinywani mwa ng'ombe. Mwenye kuijua nyasi hiyo hatadanganyika; asiyeijua aweza kuandika uongo kwa moyo safi kabisa.

Kwanza tuseme juu ya mahali penyewe. Mji wetu wa Karatu u katika kimo cha yapata mita 1,500 juu ya bahari. Barabara itokayo hapa hupanda mpaka lango la Lodoare, kisha huingia msituni, ikazunguka kona kwa kona hata kufika ukingo wa kreta, penye zaidi ya mita 2,200. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hupiga upande huu ulioelekea kwetu, zikaacha mvua na ukungu. Ndiyo sababu msitu umesimama upande wetu, na vijito vingi tunywavyo sisi na mashamba yetu chanzo chake ni humo. Lakini mtu akipita ukingo wa kreta na kuelekea kaskazini, kwenda Nainokanoka, Olmoti, Bulbul na hata Embakaai, huuacha msitu na kuingia katika nchi ya wazi, nchi ya vilima vya nyasi chini ya mlima Lolmalasin, ambao kilele chake chapita mita 3,600. Udongo wa huko ni wa majivu ya volkano. Asubuhi ukungu hulala chini, na baridi yake yawajulisha watu wa pwani ya kuwa blanketi si pambo.

Katika nchi hiyo ndimo ikaapo nyasi tunayoisema. Wamasai wa nyanda za juu huiita makutian. Waandishi wa Kiingereza wameiita nyasi ya manyata. Jina lake katika vitabu vya elimu ya mimea ni Eleusine jaegeri. Sehemu ya pili ya jina hilo ni kumbukumbu ya Fritz Jaeger, Mjerumani mtaalamu wa jiografia, aliyepita katika nchi hii ya kreta kubwa mwaka 1906 na 1907 akiichora na kuiandika. Wamasai, bila shaka, walikuwa na jina lao kabla Jaeger hajazaliwa. Lakini ndivyo ilivyo desturi ya vitabu, mtu wa mwisho kufika huwa wa kwanza kuandikwa.

Sehemu ya kwanza ya jina, yaani Eleusine, yatupa jambo la kustaajabisha, maana hilo ndilo jina la ukoo wa ulezi. Naam, ulezi ule ule ambao wengine huuita wimbi, utoao uji wa wagonjwa na wa watoto, na pombe ya wazee. Aitazamaye makutian wakati wa kuchanua ataona mara moja udugu wao: juu ya bua husimama masuke kadhaa yaliyotengana kama vidole vya mkono. Lakini ndugu hawa wawili wana tabia mbalimbali. Ulezi huishi msimu mmoja, hutoa punje zake, hufa, na mkulima hupanda tena. Makutian hudumu mwaka baada ya mwaka katika shina lile lile. Ulezi ulikubali kulelewa na mkono wa mwanadamu. Makutian hakumkubali mtu wala mnyama.

Umbo lake ni hili. Haitambai juu ya nchi kama zifanyavyo nyasi nyingine za nyanda za juu, ambazo huunganisha mizizi na kufanya zulia moja. Makutian huota kwa mafungu makubwa, kila fungu limejitenga na jirani yake, na katikati ya mafungu kuna vijia vya udongo. Majani yake ni marefu, yamekunjwa kwa urefu, ni magumu kama ngozi iliyokauka, na kingo zake hukwaruza mkono. Mtu mzima akishika fungu lililokomaa kwa mikono miwili na kulivuta, litabaki mahali pake naye atabaki na mikono inayouma. Mtu akisimama mbali, kilima kilichojaa makutian huonekana kizuri sana. Lakini mpeleke ng'ombe pale pale. Atapita katika vijia, pua yake chini, akitafuta majani madogo yaliyojificha kati ya mafungu, naye makutian yenyewe ataiacha. Jani bichi lililochipuka karibuni hula; jani lililozeeka halimpendezi hata akiwa na njaa.

Tena yafaa tufahamu ya kuwa makutian si mgeni. Siku hizi tumezoea kusikia juu ya magugu yaliyoletwa kutoka nchi za mbali, yakaingia na kuharibu. Nyasi hii si katika hayo. Ni mzaliwa wa nyanda za juu za Afrika ya Mashariki. Yapatikana Ethiopia, Uganda, Kenya na kwetu Tanzania, katika nchi zenye kimo cha mita 1,800 hivi hata kupita 3,000. Chini ya hapo haipendi kukaa, na kwa hiyo mkulima wa Karatu aweza kuishi miaka yote bila kuiona shambani mwake. Huko juu ina makao yake halali tangu zamani. Jambo linalosumbua si kuwako kwake, bali ni kuzidi kwake. Wafugaji wa huko, na wataalamu waliochunguza nchi hiyo, wamesema ya kuwa imeenea mahali palipokuwa na nyasi nzuri. Basi yatupasa kuuliza sababu, maana nyasi haina miguu. Ikihama, kuna aliyeifungulia njia.

Sababu ya kwanza ni kinywa cha ng'ombe mwenyewe. Ng'ombe huchagua. Mahali penye nyasi tamu na nyasi chungu, huila tamu leo, na ikichipuka kesho huila tena, asiipe nafasi ya kukomaa wala ya kumwaga mbegu. Ile asiyoila hukua kwa raha, hutia kivuli, hunywa maji ya jirani yake, na mbegu zake huanguka katika udongo uliobaki wazi. Kama mifugo ikilisha kwa muda na kisha kuondoka, nyasi tamu hupumzika na kurudi. Kama ikikaa mahali pamoja mwaka mzima, nyasi tamu hushindwa.

Hapo twafika katika sababu ya pili, nayo ni ndefu kidogo. Kwa nini ng'ombe wakae juu mwaka mzima? Desturi ya Wamasai ilikuwa kushuka wakati wa mvua kwenda katika mbuga za chini, upande wa magharibi, zenye nyasi fupi zenye chumvichumvi na afya, kisha kupanda tena milimani wakati wa kiangazi. Hivyo milima ilipata likizo yake kila mwaka. Desturi hiyo ilivunjwa na jambo ambalo hakuna aliyelitazamia, tena jambo lililotokana na kazi njema. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliingia katika nchi zetu ukaua ng'ombe, nyumbu na nyati wasiohesabika. Baadaye ng'ombe walichanjwa kwa bidii, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 sotoka ilikuwa imekoma kwa nyumbu wa Serengeti na Ngorongoro. Kazi hiyo iliendelea ulimwenguni kote hata mwaka 2011 ikatangazwa rasmi ya kuwa sotoka imetokomezwa duniani. Hakuna mtu mwenye akili atakayelilia jambo hilo.

Lakini tazameni yaliyofuata. Nyumbu, walipoachwa na sotoka, wakaongezeka. Mwaka 1961 walihesabiwa kuwa robo milioni hivi. Kufika mwaka 1977 walikuwa wamepita milioni moja na robo. Nyumbu hao huzaa katika zile mbuga za nyasi fupi, mwezi wa Februari na Machi, wakati ule ule ambao Wamasai walizoea kushuka. Nao ndama wa nyumbu hubeba virusi ambavyo nyumbu mwenyewe havimdhuru, lakini ng'ombe akilisha mahali walipopita ndama hao hushikwa na homa, macho na pua hutoka uchafu, na mara nyingi sana hufa. Mfugaji afanye nini? Huwaweka ng'ombe wake mbali na nyumbu, yaani huwabakiza milimani wakati wa mvua, wakati ambao milima ilikuwa ikipumzika. Nyasi tamu ikakosa likizo. Makutian ikapata nafasi.

Angalieni basi, Mabwana, jinsi mambo yalivyofungamana. Sindano aliyochomwa ng'ombe katika nchi moja ilimponya nyumbu katika nchi nyingine. Nyumbu akamfukuza ng'ombe mbugani. Na ng'ombe akaibadili nyasi ya mlimani. Ni nani aliyekosa? Hakuna. Lakini ni nani aliyeandika haya yote katika faili moja? Mambo ya chanjo yalikuwa katika faili la mifugo, mambo ya nyumbu katika faili la wanyama wa porini, na mambo ya nyasi yalikuwa katika ile safu yetu ndogo, katika neno moja.

Sababu ya tatu ni moto, au tuseme kukosekana kwa moto. Wafugaji wa nyanda za juu walikuwa na desturi ya kuchoma nyasi zilizozeeka. Moto hauiui makutian, maana uhai wake u chini, katika shina na mizizi. Lakini huondoa yale majani magumu, na chipukizi litokalo baadaye ni laini, na ng'ombe hulila. Moto pia huzifaa nyasi nyingine zilizo njema, kama Themeda, nyasi ile yenye rangi nyekundu ionekanayo sana katika mbuga zetu, ambayo isipochomwa wala kulishwa kwa muda mrefu hujisonga yenyewe kwa majani yake makavu. Tena moto huwaunguza kupe waliojificha katika nyasi ndefu zenye unyevu, na kupe ndiye mleta ndigana kali, ambayo imeua ndama wengi wa Ngorongoro.

Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilianzishwa mwaka 1959, likitengwa na Serengeti, ili wafugaji, mifugo na wanyama wa porini wakae pamoja. Katika miaka iliyofuata, na kwa muda mrefu, uchomaji wa nyasi ulizuiwa. Twaelewa nia ya waliozuia. Moto ukiponyoka huingia msituni, na msitu ukiungua, sisi wa Karatu ndio wa kwanza kukosa maji. Hatusemi ya kuwa kila moto ni mwema. Moto wa mwisho wa kiangazi, wenye upepo, usio na mlinzi, ni adui. Moto uliochaguliwa siku yake na mahali pake, wenye watu wa kuuzunguka, ni jembe. Kanuni iliyokataza yote mawili kwa neno moja ilifanya kosa lile lile la safu yetu ndogo: iliita kwa jina moja vitu viwili visivyofanana.

Kama kuna mtu aonaye kwamba twawapendelea wafugaji kwa maneno haya, na aitazame sakafu ya kreta yenyewe. Mwaka 1974 Wamasai waliokuwa wakiishi humo waliondolewa, wao na maboma yao. Wengi walitumaini ya kuwa nyasi zitakuwa bora na wanyama wa porini watazidi. Iliyotokea ni kwamba nyasi zilikua ndefu na ngumu. Nyati, ambaye hana shida na nyasi ndefu, akaongezeka sana. Nyumbu na swala, wapendao nyasi fupi, wakapungua. Watafiti wametaja kuondoka kwa mifugo na kukoma kwa moto kuwa miongoni mwa sababu. Katika ukame wa mwaka 2000 nyati wengi walikufa, na kupe walikuwa wamezidi hata wakahesabiwa katika sababu za vifo vya wanyama, wakiwamo faru, ambao ni tunu ya nchi yetu. Baada ya hapo wakuu wa hifadhi wenyewe walianza kuchoma nyasi za kreta kwa mpango. Hivyo moto uliofukuzwa mlangoni ulikaribishwa tena kwa heshima, lakini yule mzee aliyejua kuuwasha hakuwapo.

Sasa tusije tukaondoka hapa tukidhani ya kuwa makutian ni kitu cha kung'olewa chote. Kila kiumbe katika makao yake kina kazi. Katika miteremko mikali yenye udongo wa majivu, udongo uendao na maji upesi, fungu moja la makutian hushika ardhi kwa mizizi mingi kama mkono ushikavyo mchanga wenye maji. Mto Munge hutoka katika kreta ya Olmoti, huanguka kwa maporomoko, na kushuka hata Ziwa Magadi lililo ndani ya kreta ya Ngorongoro. Miteremko ya njia yake ikiwa mitupu, maji yake yangekuwa tope. Nyasi ndefu huezekea nyumba huko juu, ambako mvua na baridi hazina huruma. Ndege na wanyama wadogo hujificha katika mafungu yake. Aing'oaye yote katika mteremko ataona mvua moja kubwa ikimfundisha. Shida, twarudia kusema, ni kipimo: ikiwa fungu hapa na fungu pale, ni mlinzi wa nchi, ikijaza kilima chote, ng'ombe hufa njaa mbele ya majani.

Mtu aweza kusema, "Hayo ni mambo ya Bwana Mifugo. Yatuhusu nini sisi makarani?" Yatuhusu sana, nasi twaomba subira yenu tueleze.

Watu wa ndani ya hifadhi hawalimi. Kilimo kilikatazwa mwaka 1975, kikaruhusiwa kwa kiasi mwaka 1992, kisha kikakomeshwa tena. Kwa hiyo mahindi waliyo nayo hununuliwa, na mengi hutoka huku kwetu. Ng'ombe ndiye mfuko wa fedha. Akinona, mtu huuza mmoja na kurudi na magunia. Akikonda, bei yake huanguka, na mara nyingi huanguka katika miezi ile ile ambayo mahindi yamepanda bei. Tena maziwa hukauka, na mtoto ndiye wa kwanza kujua. Basi tuchukulie mfano. Mwaka fulani mvua zimenyesha milimani, vilima vyote ni kijani. Karani aandika "malisho tele". Mkubwa wake asoma, ana sababu gani ya kushuku? Aona maombi ya msaada yatokayo huko, ayaweka pembeni, maana atasema, "Watu hawa wana majani mpaka magotini." Wala uongo haukusemwa. Majani yako magotini. Lakini ni makutian.

Wala tusifikiri ya kuwa vyombo vya kisasa vitatuokoa na jambo hili. Siku hizi picha za nchi hupigwa kutoka angani, nazo hupima ukijani wa mimea. Ni chombo kizuri, chaonyesha ukame upesi kuliko mjumbe. Lakini ukijani si utamu. Picha peke yake haitaji kama kijani kile ni cha kuliwa au cha kutazamwa, mpaka awepo mtu aliyesimama pale na kujua jina la nyasi.

Twajua pia ya kuwa mambo ya Ngorongoro yamekuwa mazito. Watu na mifugo wameongezeka mara nyingi tangu 1959, na tangu mwaka 1992 na hata kabla yake kumekuwa na tume na mashauri juu ya nani akae wapi. Mwaka 2022 jamaa nyingi zilianza kuhamishiwa Msomera, katika Wilaya ya Handeni, na mabishano juu ya jambo hilo yamefika hata nje ya nchi. Sisi ni watumishi wa serikali, na mambo hayo yana mabaraza yake. Hapa si pake. Lakini neno moja twaweza kulisema bila kuvuka mpaka wetu: katika mabishano hayo yote kila upande husema juu ya hali ya nchi, kwamba nchi imechoka au haikuchoka, kwamba malisho yapo au hayapo. Wakitafuta ushahidi, watafungua majalada. Na katika majalada watakuta maandishi yetu. Kama tuliandika neno moja kwa uvivu, neno hilo litasimama kama shahidi mbele ya watu wazima wenye kesi ya maisha yao, nalo haliwezi kuulizwa swali.

Wenzetu waliotutangulia katika Wilaya ya Mbulu, ambayo zamani Karatu ilikuwa sehemu yake, waliyaona mambo ya namna hii. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ulikuwako mpango mkubwa wa maendeleo ya Mbulu, na Wairaqw waliambiwa wapunguze mifugo yao ili majani yarudi. Hesabu za ng'ombe na za nchi ziliandikwa na makarani kama sisi. Kila ng'ombe aliyeuzwa alianza kuwa tarakimu katika karatasi kabla hajatoka zizini. Kalamu ya karani haikati kama kisu, lakini hufika mbali zaidi.

Basi twaleta mashauri matatu, mtuwie radhi kama yatakuwa madogo.

La kwanza: atakayejaza safu ya malisho, na auandike mstari mzima badala ya neno moja. Aandike nyasi gani imezidi, kwa jina la wenyeji kama jina la vitabu halijui. "Vilima vya kaskazini kijani, lakini sehemu kubwa ni makutian iliyokomaa, ng'ombe hawali." Maneno hayo hayajazi hata nusu ya mstari wa pili, na mkubwa ayasomaye hatapotea.

La pili: tuulize kabla ya kuandika. Kuuliza si ujinga. Kwa Wamasai nyasi ni kitu cha heshima. Mtu aombaye amani au msamaha hung'oa nyasi na kuishika mkononi. Watu wenye kuiheshimu hivyo wameitazama kwa macho makini, na kila mzee mchungaji ana elimu ya nyasi ambayo haikuandikwa. Si lazima twende mbali. Siku ya mnada wazee hao hushuka hapa hapa Karatu. Salamu, kikombe cha chai, na swali moja: "Mzee, huko juu ng'ombe wanakula nini mwezi huu?" Jibu lake lafaa kuliko kurasa kumi za kukisia.

La tatu: tukipewa kuiandika kanuni ya mahali pamoja, tusiipeleke mahali pengine kwa kubadili jina tu. Kanuni ya moto ifaayo msitu wa Oldeani si lazima iifae nchi wazi ya Bulbul. Najua, Mabwana, ya kuwa kunakili ni kazi nyepesi na mwisho wa mwezi ni mgumu. Lakini nchi haikunakiliwa na Mungu, kila bonde lina hati yake.

Hatukuja kuwafundisha Bwana Mifugo na Bwana Misitu kazi zao. Wao wanajua zaidi, na pengine wameandika haya yote katika taarifa ndefu ambazo zimelala kabatini kwa sababu mkubwa alisoma ile karatasi fupi iliyojumlishwa na sisi. Hapo ndipo penye heshima yetu na hatari yetu. Sisi ndio tujumlishao. Mambo elfu huingia mezani petu, na neno moja hutoka. Tukilichagua vema, tumemtumikia mfugaji wa Nainokanoka ambaye hatujui majina yetu wala hatatushukuru. Tukilichagua vibaya, hakuna atakayetushtaki, wala hakuna atakayejua, ila ndama wake.

Bwana Mwenyekiti, twaona saa imekwenda. Kama kuna mwanachama aliyefanya kazi kule juu na ajuaye majina mengine ya nyasi, na aseme sasa, au aandike katika gazeti letu hili, ili orodha ya majina ikue na wenzetu watakaohamishiwa huko wasianze gizani.